Kuchonga obsidiani: kutoka kitako cha chupa hadi kisu cha jiwe

Obsidiani haivunjiki ovyo. Ni lava yenye silika nyingi, kwa kawaida zaidi ya asilimia 70, iliyopoa upesi mno hata fuwele zikakosa muda wa kuota. Ndani yake hakuna nyuzi wala tabaka za kuuongoza mpasuko, kwa hiyo nguvu ikiingia kwenye nukta moja hutawanyika kwa umbo la pia (koni), na kibanzi kinachobanduka huwa na uvimbe karibu na pale ulipogonga, kisha mawimbi madogo yanayokwenda mbali nao. Gumegume (jiwe gumu la kutolea cheche za moto) na vioo vya kawaida huvunjika kwa kanuni hiyohiyo. Ukiielewa, utaweza kujua kibanzi kitatoka wapi kabla hujakitoa. Usipoielewa, utabaki na rundo la vipande na vidole vilivyofungwa bandeji.

Kazi nzuri hutegemea ukingo zaidi ya nguvu za mkono. Kila kibanzi kinahitaji mahali palipotayarishwa pa kuanzia, na makosa mengi tutakayoyaeleza hapa chini ni ya mtu aliyepiga au aliyekandamiza kabla ya kuutayarisha ukingo.

Jiwe la kutumia, na jiwe la kuacha

Kenya ina obsidiani nyingi na nzuri katika Bonde la Ufa, hasa kuzunguka Naivasha, mlima Eburru na Gilgil. Nyingi ni nyeusi au ya kijivu, na ile ya miteremko ya Eburru ina ukijani unaoonekana ukiinua kibanzi chembamba kwenye mwanga. Watu wamelitumia jiwe hili tangu zamani sana. Kariandusi, karibu na ziwa Elmenteita, ambako mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey alianza kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1920, kuna mashoka ya mkono ya obsidiani. Olorgesailie, nako katika Bonde la Ufa la Kenya, yapata miaka 300,000 iliyopita, watu walitumia obsidiani iliyotoka makumi ya kilomita mbali, ingawa mawe mengine yalikuwa hapohapo miguuni pao.

Kwa sababu hiyohiyo, si kila obsidiani iliyolala chini ni ya kuokota. Ukiona kipande chenye makovu yaliyopangwa kwenye ukingo, chenye uvimbe wa pigo, au kilichofifia mng'ao upande mmoja na kurudi kung'aa pale kilipovunjika juzi, kiache kilivyo na mahali kilipo. Thamani yake kubwa iko katika kujulikana kilikutwa wapi na pamoja na nini. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1895, na Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ndani ya hifadhi kama Hell's Gate huruhusiwi kuondoka na jiwe lolote, lililochongwa au lisilochongwa. Jiwe la kazi lipate kwenye shamba la mtu kwa idhini yake, pale ambapo barabara au mtaro umekatwa na miamba ikatoka nje, nawe umeridhika kwamba hakuna dalili za karakana ya kale.

Ukishapata jiwe, ligonge kidogo kwa kokoto huku umelishika kwa vidole viwili. Likilia sauti safi, ni zima. Likitoa mlio wa kuziba, lina ufa ndani, na ufa huo utakuharibia kazi ukiwa karibu kumaliza. Epuka pia lenye madoa meupe ya mviringo yaliyosongamana. Hizo ni fuwele zilizoota ndani ya kioo, na mpasuko ukizifikia hupinda au kusimama.

Kwa kuanzia huhitaji obsidiani hata kidogo. Anza na kitako cha chupa ya bia au ya mvinyo chenye unene wa milimita 5 hadi 7 na kilicho bapa kadiri inavyowezekana. Chupa zilizobonyea sana chini zitakusumbua. Kioo cha dirisha cha milimita 10 kinafaa, na kauri nyeupe ya tangi la choo lililovunjika ni nzuri ajabu, ila inataka nguvu zaidi. Kioo cha dirisha la pembeni la gari hakifai: kimekazwa kwa joto, na ukikigusa vibaya hupasuka chote kuwa chembe.

Vifaa

Miwani ya kinga inayofunika pande zote za macho ni lazima, si ya hiari. Kaa nje au mahali penye upepo, upepo ukutoke mgongoni, na vaa barakoa ya vumbi. Vumbi la gumegume ndilo baya zaidi, kwa kuwa ni silika ya fuwele inayosababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu. Mafundi wa Brandon, huko Suffolk nchini Uingereza, waliochonga vijiwe vya bunduki za gumegume vilivyouzwa hadi Afrika, wengi waliugua mapafu kwa kufanya kazi hiyo ndani ya vibanda vilivyofungwa. Vumbi la obsidiani halina fuwele kiasi hicho, lakini ni chembe za kioo, na kioo hakina kazi kifuani. Tandika turubai la mita 2 kwa 2, vaa viatu vilivyofunika vidole, na usivae kaptura.

Kikandamizio, yaani chombo cha kusukumia ukingo ili kibanzi kibanduke, unaweza kukitengeneza kwa nusu saa. Chukua mpini wa mti mgumu wa sentimita 13 hivi, unene unaojaa kiganja. Toboa kwa keekee upande mmoja tundu la milimita 4, kina sentimita 3 au 4. Pigilia humo waya mnene wa shaba, ule mzima wa umeme usio wa nyuzinyuzi, ukiacha sentimita 1.5 nje. Ncha yake ipige tupa iwe butu kidogo kama patasi ndogo, isiwe kali kama sindano, kwa sababu ncha kali hupinda na kuteleza. Shaba ndiyo inayofaa kwa kuwa ni laini kiasi cha kuuma ukingo wa kioo. Msumari wa chuma hufanya kazi, lakini huteleza na kuuvunjavunja ukingo.

Tengeneza pia cha pili chenye waya wa milimita 2, kwa ajili ya pengo za kufungia kichwa cha mshale kwenye mti wake.

Vingine ni hivi: kipande cha ngozi ya ng'ombe cha sentimita 10 kwa 15, unene wa milimita 5 au zaidi (mpira wa tairi la lori nao ni mzuri), ngozi pana ya kufunika paja, na kipande cha jiwe la cherehe lililovunjika, au jiwe la mchanga, kwa ajili ya kusaga ukingo. Hicho tutakiita kinoo. Kwa kazi ya kugonga utahitaji kokoto mbili za mviringo zinazoenea mkononi, moja ya gramu 400 hadi 500 na nyingine ya 150 hivi. Kwa obsidiani, jiwe la mchanga lililokomaa au lava yenye vitundu ni bora kuliko kokoto ngumu ya kwatzi, kwa kuwa obsidiani ni dhaifu na jiwe gumu mno huponda pale linapotua. Ongeza gongo la mti mzito, mpingo kwa mfano, la sentimita 25 na unene wa sentimita 4, mwisho wake umeviringwa.

Kukandamiza: kitako cha chupa

Funga chupa ndani ya gunia, igonge tumboni kwa nyundo, kisha toa kitako. Meno marefu yaliyobaki pembeni yaondoe kwa koleo, kidogo kidogo, hadi ubaki na duara la sentimita 6 hivi.

Tatizo la kwanza ni kwamba ukingo wa kitako ni mraba, yaani nyuzi 90 au zaidi, na kwenye pembe kama hiyo hakuna kibanzi kirefu kitakachotoka. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza hautengenezi umbo lolote. Kazi yake ni kuuvunja huo umraba tu.

Weka kipande juu ya ngozi kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, ukikishika kwa vidole huku ukingo unaoufanyia kazi ukielekea kwenye sehemu nene ya kiganja chini ya dole gumba. Egemeza mgongo wa mkono huo upande wa ndani wa paja la kushoto. Weka ncha ya shaba kwenye kona ya ukingo na ukandamize kuelekea chini. Kibanzi cha milimita 3 hadi 5 kitabanduka upande wa chini, ule uliogusa ngozi. Geuza kipande. Kovu ulilopata sasa liko juu, na limeinama. Weka ncha ndani ya kovu hilo hilo, pembeni kidogo, na toa kibanzi upande wa pili. Geuza tena. Ukienda hivyo kuzunguka duara lote, ukingo utakuwa na msumeno unaopinda huku na huku katikati ya unene. Msumeno huo ndio unaoutaka.

Sasa saga. Pitisha kinoo kwenye ukingo, kwa kwenda na kurudi sambamba nao, kisha kwa mikwaruzo michache kutoka ukingoni kwenda upande ambao vibanzi vitatoka. Saga mpaka ukipitisha ukucha usinase popote. Anayeanza huona ni kama anauharibu ukali alioutafuta, na ndiyo maana wengi huruka hatua hii. Ukingo mwembamba usiosagwa hauwezi kubeba nguvu. Utavunjika papo hapo kuwa unga, na nguvu yako yote itaishia kwenye unga huo bila kuingia ndani ya kipande.

Vibanzi virefu hutoka hivi. Ncha iweke kwenye ukingo, chini kidogo ya mstari wa katikati ya unene. Sukuma kwanza kuelekea ndani ya kipande, kana kwamba unataka ncha itokee ukingo wa pili. Ongeza nguvu polepole, si kwa kifundo cha mkono bali kwa bega, huku ukibana magoti yote mawili ili mapaja yasukume mikono ikutane. Nguvu inapokuwa nyingi kiasi kwamba unahisi kipande kinataka kuachia, elekeza chini kidogo. Utasikia mlio mkavu, na kibanzi kitabaki kwenye ngozi. Msukumo wa kwenda ndani ndio unaokipa urefu, na ule wa kwenda chini ndio unaokibandua. Wanaokandamiza chini tu hupata vibanzi vifupi, na kipande hubaki kinene katikati huku kikizidi kupungua upana.

Kibanzi hufuata mgongo ulio juu ya uso. Kwa hiyo weka ncha nyuma ya mgongo uliobaki kati ya makovu mawili ya awali, usiiweke nyuma ya shimo. Acha milimita 5 au 6 kati ya kibanzi na kingine, nenda mfululizo upande mmoja wote, saga tena, geuza, fanya upande wa pili. Baada ya mizunguko miwili ya namna hii kipande kitakuwa kama lenzi kikitazamwa kwa ubavu, na duara utakuwa umeliongoza liwe pembetatu ya sentimita 4 au 5. Tikisa ngozi mara kwa mara. Chembe zilizonasa chini ya kipande hukisukuma kutoka nyuma na kukivunja katikati.

Pembetatu hiyo ni kichwa cha mshale; pengo mbili za kukifungia fanya mwisho, kwa waya wa milimita 2. Toa chembe moja, geuza, toa nyingine palepale, geuza. Acha angalau milimita 5 ya kioo kati ya pengo na upande wa chini wa pembetatu. Masikio, yaani pembe zilizobaki kando ya pengo, yakivunjika, ujue ulikandamiza kuelekea nje badala ya kuelekea ndani.

Kugonga: kutoka bonge la obsidiani

Usihamie hapa mpaka umeweza kutoa kibanzi kinachofika katikati ya kitako cha chupa kila mara unapokitaka.

Bonge la kilo 1.5 hadi 2 linatosha. Kaa kwenye kigoda kifupi, paja la kushoto limefunikwa kwa ngozi, na uliweke bonge upande wa nje wa paja. Tafuta mahali ambapo uso mmoja bapa unakutana na ubavu kwa pembe ndogo kuliko nyuzi 90. Nyuzi 65 hadi 75 ndizo nzuri. Ubavu ulio chini ya hapo uwe na mgongo au uvimbe wa kufuata. Ukigonga juu ya ubavu ulioingia ndani, kibanzi kitasimama njiani.

Kwaruza ukingo kwa kinoo. Kisha gonga kwa kokoto kubwa milimita 5 hadi 8 kutoka ukingoni. Mkono upite moja kwa moja baada ya kugusa, usisimame pale ulipogusa. Ukigonga ukingoni kabisa utaponda. Ukigonga mbali sana, ama hakuna kitakachotoka, ama kitatoka kipande kinene kitakachomaliza jiwe lako. Pigo lisipotoa kitu, usirudie palepale. Ndani umeshaacha pia ndogo ya mpasuko isiyoonekana, na pigo la tatu au la nne litapasua mahali usipopataka. Saga upya, sogea milimita kadhaa, au geuza jiwe.

Vidole vya mkono wa kushoto vishike ubavu unaotoka kibanzi kupitia ngozi nene. Ngozi hiyo hukilinda kidole na hukizuia kibanzi kisianguke na kuvunjika. Kibanzi cha urefu wa sentimita 10 na unene wa sentimita 1 au pungufu tayari ni kisu. Makali yake ghafi ni makali kuliko yatakavyokuwa baada ya marekebisho yoyote, kwa hiyo kama unataka kukata nyama au ngozi laini, kiache kilivyo. Marekebisho huongeza uimara na umbo, hayaongezi ukali. Kwa kukwangua ngozi mbichi, chagua kibanzi kinene na ukichonge upande mmoja tu hadi ukingo uwe na pembe ya nyuzi 60 au 70. Ukingo mwembamba ungekatika na kuacha vioo ndani ya ngozi. Watengeneza ngozi wa kusini mwa Ethiopia, wakiwemo wanawake wa Konso, wamefanya kazi kwa vikwangulio vya mawe vyenye ukingo mnene wa namna hiyo hadi zama zetu hizi.

Ukitaka kisu chenye nyuso mbili zilizochongwa, punguza unene kwa gongo la mti. Kanuni ni ileile: ukingo uwe chini ya mstari wa katikati, umesagwa vizuri, na gongo liguse ukingo wenyewe kwa mkwaruzo, si uso wa juu. Mengi huharibika hapa, kwa sababu hizi:

- Kibanzi kimeishia kwenye kidato. Pigo lilielekea nje au lilikosa nguvu. Usiendelee kugonga kutoka upande uleule, maana kidato kitapanda juu kila mara. Njoo kutoka upande unaokikabili, na kibanzi kipite chini yake.
- Kipande kimekatika katikati. Ncha ya mbali ilitikisika pigo lilipotua. Ilaze kwenye paja au ibane kwa vidole, na tumia gongo jepesi kadiri kinavyozidi kuwa chembamba.
- Kibanzi kimepitiliza na kuchukua ukingo wa pili. Ukingo ulikuwa chini mno ya mstari wa katikati, na nguvu ilizidi.
- Ukingo umepondeka. Hukusaga.

Malizia kwa kikandamizio, kama ulivyofanya kwenye chupa. Obsidiani ni laini kuliko kioo cha chupa mkononi, na wengi hushangaa jinsi vibanzi vinavyokwenda mbali.

Mpini

Changanya kwa ujazo sehemu 4 za utomvu wa msonobari, sehemu 1 ya nta ya nyuki na sehemu 1 ya mkaa uliosagwa laini. Yeyusha kwenye kopo juu ya makaa ya polepole, kamwe si juu ya ndimi za moto, maana utomvu hushika moto. Ukitoa povu kubwa, ondoa kopo. Utomvu mtupu hukauka na kukatika kama pipi. Nta ndiyo inayouzuia, lakini ikizidi, gundi hulainika juani. Pasha jiwe joto kidogo kabla ya kulipachika, kwa sababu gundi haishiki jiwe baridi. Saga sehemu itakayoingia kwenye mpini mpaka iwe butu kabisa, kisha funga kwa kano ya ng'ombe iliyolowekwa, ambayo hujikaza ikikauka.

Ukiwa na gumegume

Gumegume halisi hupatikana kwenye miamba ya chokaa nyeupe ya Uingereza, Ufaransa na Denmark. Huku kwetu ndugu yake wa karibu ni cheti (jiwe liitwalo chert kwa Kiingereza) ya Magadi, Natron na Olduvai, iliyotokana na maji ya magadi yenye silika. Ugumu wake ni kama 7 kwa kipimo cha Mohs, na wa obsidiani ni 5 hadi 5.5. Ndiyo maana gumegume hukwangua chuma na kutoa cheche, na obsidiani haifai kwa kuwashia moto hata uipige vipi. Tumia kokoto nzito zaidi na ngumu zaidi, na tarajia kukandamiza kwa nguvu kubwa kuliko ya kioo.

Aina nyingi za gumegume na cheti hulainika kwa kuchongwa zikipashwa moto kwanza. Kausha vipande vya unene wa sentimita 1 hadi 2 kwa siku kadhaa, vifukie sentimita 5 chini ya mchanga mkavu, na washa moto juu yake uongezeke taratibu kwa saa nyingi hadi karibu nyuzi 250. Uache uzimike wenyewe, na usifukue mpaka mchanga upoe kabisa, hata kama ni kesho yake. Unyevu au haraka hulipasua jiwe, wakati mwingine kwa kishindo. Obsidiani haihitaji matayarisho haya.

Mikato na mabaki

Mkato wa obsidiani mara nyingi hausikiki mpaka uone damu. Osha kwa maji mengi, bana kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufunguafungua, na kama midomo ya kidonda inaachana nenda zahanati ukashonwe na kuulizwa kuhusu chanjo ya pepopunda. Kioo kikiingia jichoni, usilisugue. Liache lifumbe na uende hospitali.

Vipande vizuri visivyofaa kwa zana vinafaa kwa vidani: sugua kwa msasa wa maji namba 220, kisha 400, 600 na 1000, daima ukiwa umelowa ili vumbi lisiruke, na umalizie kwa ngozi yenye unga wa oksidi ya seriamu, ule wa kung'arishia vioo, uliolowekwa.

Yaliyobaki kunja ndani ya turubai, usiyafagie kwa mkono. Yasiachwe shambani wala kandokando ya ziwa, hasa katika Bonde la Ufa, ambako mtafiti anaweza kuyadhania karakana ya maelfu ya miaka. Chimba shimo la nusu mita mbali na njia za watu na mifugo, mwaga humo, na juu yake weka sarafu ya mwaka huu kabla ya kufukia, ili atakayeyafukua ajue si ya kale.